Makabidhiano Ufukweni

"Mtoe sasa hivi, mama. Sitanii."

"Bado hajamaliza mguu wa kushoto," alisema Bi Somoe bila kugeuka.

"Maji yameshafika kwenye mawe. Huyaoni?"

"Nayaona tangu hujazaliwa. Leo kachelewa kidogo. Mwache amalize."

Zakia alikuwa amepiga magoti, amemshika mwanawe makwapani. Iddi alikuwa amesimama wima, mchanga umemfika kiunoni, na alikuwa anacheka. Bibi yake alimfukuza inzi usoni kwa ncha ya kanga na kumwambia, "Mume wangu, usimsikilize huyu, ana wivu."

Hapa Kiswere, mtoto akichelewa kutembea huchimbiwa shimo ufukweni maji yakiwa yamekupwa. Husimamishwa humo, mchanga ukarudishwa mpaka kiunoni, akaachwa asimame. Iddi alikuwa na mtindio wa ubongo. Miguu yake ilikuwa inapishana kama mkasi, na visigino havikuwa vimewahi kugusa chini tangu azaliwe. Bi Somoe alimfukia kama alivyowafukia wengine, na hakuna aliyeona ajabu.

Mikono ndiyo haikuwa desturi.

Ilianza kazi huko chini ya mchanga masika yalipoisha. Ilishika mguu wa mtoto, ikavuta kisigino taratibu, ikasubiri misuli ilegee, ikaachia, ikarudia. Mama aliyeingiza mkono wake kupapasa alisukumwa pembeni kwa adabu. Ikimaliza mguu, iligonga unyayo kwa kidole, na mtoto alicheka. Kwa kugonga huko wanawake walimjua mwenye mikono. Alikuwa Dokta Laurenti, daktari wa mazoezi ya viungo.

Alipokuwa hai alikuja mara moja kwa mwezi kwa pikipiki yake mwenyewe, kwa kuwa gari la ofisi lilikuwa na safari nyingine. Siku moja alifika na homa, anatetemeka, akawalaza watoto kwenye mkeka wa Zakia na kuanza kazi. Zakia alimwambia arudi nyumbani akalale.

"Mgonjwa haachwi, mama Iddi," alimjibu. "Anakabidhiwa. Sasa mimi nimkabidhi nani?"

Masika hayo mto ulimchukua njiani. Walipata pikipiki na kiatu kimoja. Mwili wenyewe ulishuka na maji hadi baharini, na inaelekea uliishia hapa.

Ofisi haikuleta mwingine. Afisa mmoja wa wilayani, Bi Angela, alikuja kuangalia. Alivua viatu, akakunja mkono wa gauni, akaingiza mkono mchangani. Mkono ukapokelewa na kutikiswa.

"Kanisalimia," alisema, akijipangusa. "Basi huduma ipo. Tena sasa ni kila siku, zamani ilikuwa kwa mwezi. Niombe mtu wa nini?"

"Dada, huyu amekufa," Zakia alisema.

"Ndiyo, pole sana. Lakini yuko kazini."

Akavaa viatu akaondoka.

Zakia hakubishana zaidi, kwa sababu visigino vya Iddi vilikuwa vinashuka. Wiki ile ya kwanza kilishuka cha kulia, nusu. Baadaye mtoto alisimama ameshika mlango, akawaangalia kuku kwa kimo kipya. Huwezi kumwona mwanao hivyo halafu ukamwambia bibi yake aache kuchimba shimo.

Shida ilikuwa moja. Dokta Laurenti hakuachia mguu mpaka amalize, na hakujua habari za maji kujaa. Alizaliwa Newala, juu huko, ambako maji hununuliwa kwa ndoo. Mtoto wa Agnes, mama mmoja wa kijiji cha Pande, alitolewa maji yakiwa yamemfika kidevuni. Agnes alikaa siku mbili bila kuja. Siku ya tatu alikuja na jembe.

Sasa wimbi dogo lilimfika Iddi, likamzunguka kiuno na kurudi. Akaacha kucheka.

Zakia alivuta. Mtoto hakutoka. Alivuta tena, na akahisi kabisa kwamba kuna mtu anavuta kwa upande wa pili, bila hasira, kama mtu anayemzuia mgonjwa asijigeuze kabla ya wakati. Iddi alipiga kelele.

"Dokta! Maji hayo! Mwachie!"

"Dokta Laurenti, baba, basi," alisema Bi Somoe. Alikuwa ameanza kuchimba kwa mikono miwili. Kila alipochota mchanga, maji yaliurudisha. "Mtu wa Newala huyu! Atajua nini, atajua nini jamani." Kisha midomo yake ikaanza kusoma dua.

Wimbi lililofuata lilimfika Iddi kifuani. Zakia alimtazama usoni. Mtoto alikuwa anamtazama yeye, anangoja mama yake afanye kitu, kama siku zote.

Akalala kifudifudi ndani ya maji na kuzamisha mikono yote miwili kwenye mchanga, mpaka shavu lake likagusa tumbo la mwanawe.

"Nikabidhi mimi," alisema. "Sikia, dokta. Mimi nampokea. Nikabidhi mimi."

Huko chini mambo yakatulia.

Kisha mikono ya baridi ikashika ya kwake. Haikuwa na haraka. Ilimweka mkono mmoja chini ya kisigino na mwingine juu ya goti. Ikamsukuma kwa nguvu inayotakiwa, si zaidi, ikamfanya asubiri. Wimbi lilipita juu ya kichwa chake. Alipopata pumzi aliisikia misuli ya Iddi ikilegea kati ya viganja vyake. Mikono ile iligonga mara moja mgongoni mwa mkono wake, ikaondoka, na mchanga ukatitia mahali ilipokuwa.

Iddi alitoka kama muhogo kwenye udongo wa mvua.

Zakia alimbeba mpaka mchanga mkavu, akaanguka naye pale. Bi Somoe alimfunika mjukuu wake kwa kanga, akaketi, akalia kidogo, akafuta pua.

"Itabidi Bi Angela aambiwe," alisema. "Aambiwe dokta kaondoka, alete mwingine."

"Atauliza nani anafanya kazi sasa."

Bi Somoe alitazama mikono ya mkwewe. Ilikuwa imekunjamana na kuwa myeupe kama ya mtu aliyelowa siku nyingi. Zakia aliisugua kwenye nguo yake, haikupata joto. Alitaka kumkumbatia mtoto. Mikono ilipita mabega ya Iddi, ikashuka yenyewe, ikashika mguu wa kushoto.

Njia ya kutoka Pande ilikuwa na watu. Agnes alitangulia, mtoto mgongoni, jembe begani, na nyuma yake kina mama wengine na watoto wao. Walifika, wakaona mchanga uliotitia unafunikwa na maji, wakamwona Zakia. Agnes aliweka jembe chini. Akatandika kanga karibu na Iddi, akamlaza wake.

"Shoga," Zakia alimwambia, "na mimi utanipokea kazi hii?"

Agnes alimwinamia mtoto, akamfungua nepi, akamnyoosha miguu. Alichelewa sana kwenye nepi ile.

"Anza na wa kulia," alisema. "Ndio mgumu."

Zakia alijaribu kusimama ili aone tu kama inawezekana. Magoti yaliinuka. Mikono ilibaki mguuni pa Iddi, haikuachia. Akapiga magoti tena, akasukuma kisigino, akasubiri.

"Mlaze vizuri," alisema. "Nakuja. Huyu bado."