Pacha wa Kangundo na Shimo Jeusi

Ukitaka kujua ni kwa nini mimi, msoma mita za maji mstaafu, niliamua jambo la ukoo ambao si wangu, itabidi tuanze na mbuzi.

Katika ukoo wa Kalunde, mbuzi wa kwanza wa ntheo hupokewa na mkono mmoja tu. Ntheo ni wale mbuzi wanaoletwa na watu wa mume. Wakishapokewa, binti ni mke wa mtu, hata kama harusi ya kanisani itangoja miaka kumi. Baba wa binti akiwa hayupo, kamba hushikwa na kaka mkubwa wa baba. Baba yake Kalunde alifariki zamani, akawaachia kaka zake wawili wamlee, Munyao na Makau, na hao wawili ni pacha.

Nani mkubwa? Hakuna ajuaye. Mkunga aliwaosha katika beseni moja, akawalaza juu ya ngozi moja, akatoka nje kuvuta ugoro, na aliporudi hakukumbuka yupi ni yupi. Mama yao kila alipoulizwa alisema, "Nyote mlinichosha siku moja," na hadi anazikwa hakuongeza neno. Wamefika miaka sitini na minane, kila mmoja akimwita mwenzake mdogo wangu, na hakuna aliyewahi kuitikia.

Basi mwezi wa nne watu wa Waithaka, mchumba wa Kalunde, walifika kutoka Katangi, ambako baba yake ana duka la misumari na mabati. Munyao akashika kamba. Makau naye akaishika. Mmoja akavuta, mwingine akavuta, na mbuzi, ambaye siku hiyo ndiye aliyekuwa na akili nyingi zaidi pale boma, akachomoa shingo akaingia kwenye kahawa ya jirani. Alipopatikana alikuwa amemaliza mistari miwili. Wageni walirudi kwao na mbuzi wote, na baba mkubwa wa Waithaka akaacha ujumbe: watakuja mara moja tena, wakiitwa, na waitwe na watu wanaojua mzee wao ni nani. Mara ya tatu hakuna.

Kalunde hakulia mbele ya watu. Aliendelea kupika. Lakini chai ya hoteli yake ilianza kukosa sukari, na sisi wateja tukajua.

Hoteli hiyo iko sokoni Kangundo, na ina televisheni kubwa kuliko ya padri. Jumapili baada ya kanisa hukutana hapo sisi wapenzi wa ule mfululizo wa chombo cha angani. Kuna mimi. Kuna Mwalimu Muringo, aliyefundisha hesabu miaka thelathini na sita na bado anasahihisha risiti za watu. Kuna Kasiva, mjane anayeuza maparachichi, aliyeingia siku moja kunywa chai akabaki kwa sababu ya mabega ya kapteni. Na walikuwapo pacha, ambao tangu mwezi wa nne walikuwa wakikaa meza mbalimbali.

Jumapili ninayoisimulia, kapteni alishuka karibu na shimo jeusi kuokoa watu. Kwake yeye ilipita saa moja. Aliporudi chomboni, mdogo wake aliyemwacha msichana alikuwa bibi mwenye mvi na fimbo. Wakakumbatiana, muziki ukalia, Kasiva akajipangusa kwa leso.

Ubishi ukaanza kabla ya matangazo kwisha. Munyao alisema hiyo ni hadithi ya kudanganya watoto. Mwalimu Muringo akasema hapana, hiyo ni hesabu: ukikaribia kitu kizito sana, saa yako hutembea polepole, na hujui, kwa sababu moyo wako na njaa yako vinatembea polepole pamoja nayo. Nikawaambia kwangu si jambo geni. Mwaka wa tisini na moja nilitumwa kusoma mita nyuma ya kilima fulani kule Yatta, kilima kizito kiasi kwamba kunguru wakipita juu yake huinama. Nilikaa dakika kumi. Niliporudi nyumbani nilikuta mke wangu ameshapika chakula cha Alhamisi, na mimi niliondoka Jumanne. Mwalimu Muringo akasema kilichokuwa kizito hapo si kilima, ni kibuyu cha pombe.

Wakacheka wote isipokuwa Kalunde. Alikuwa amesimama na birika mkononi, anatazama skrini.

"Sasa hao wawili," akauliza, "mkubwa ni nani? Kapteni alizaliwa kwanza. Lakini huyo mwingine ndiye ameishi miaka mingi."

Pacha walitazama meza zao.

Mwalimu Muringo alijibu taratibu kwamba kama kuzaliwa kunajulikana, kuzaliwa ndiko kunakoshinda. Kama hakujulikani, basi mkubwa ni yule ambaye saa yake imehesabu zaidi.

Hapo ndipo nilipoweka kikombe chini. Niliwaambia kwamba dunia yenyewe ni kitu kizito, si kama shimo jeusi, lakini si kama parachichi pia. Anayeishi chini yuko karibu zaidi na ule uzito, na saa yake huchelewa. Anayeishi mlimani saa yake hukimbia. Mwalimu Muringo alinitazama kwa mshangao, akathibitisha kwamba kwa mara ya kwanza tangu anijue nimesema kweli.

Munyao ana shamba lake huku juu Kangundo. Makau alikaa Athi River miaka arobaini, kwenye kiwanda cha saruji, kule tambarare, akarudi juzi tu na kikohozi chake. Mwalimu alichukua kalamu, akageuza karatasi ya kufungia mandazi, akaandika tofauti ya kimo, mita mia mbili na hamsini hivi, akazidisha, akagawanya kwa tarakimu yenye sufuri nyingi kama mayai ya kuku wa kisasa. Jibu: Munyao ni mkubwa. Amemzidi Makau kwa sekunde moja iliyokatwa vipande milioni, ukachukua thelathini na vinne.

Munyao alisimama akavaa kofia yake. Sijawahi kuona mtu akivaa kofia kwa madaha namna ile. Makau alitazama ukuta, na nilimwona Kalunde akiuma mdomo, kwa sababu mshindi akipatikana kwa kumwumiza mwenzake, kamba itavutwa tena tu.

Ndipo Kasiva akasema, bila kumlenga mtu, "Kumbe ndiyo sababu Makau bado ako na nywele. Bado ni kijana."

Makau akageuka kutoka ukutani. Akapitisha kiganja kichwani polepole. Akakubali kwamba ndiyo, hata magoti yake hayamsumbui sana, na kwamba watu wa saruji walikuwa wakimwita kijana hadi siku ya kustaafu. Akaagiza chai ya Kasiva. Akasogeza kiti. Kasiva akamwongezea kwamba kapteni pia alirudi hivyo hivyo, mbichi.

Munyao akavua kofia. Chini yake hakuna kitu, kichwa ni kama yai.

"Ngoja," akasema. "Mwalimu, umesahau Mombasa."

Kweli, kabla ya kuoa Munyao alipikia watu chakula bandarini miaka tisa. Hapendi kuisimulia, kwa sababu alirudi bila hata godoro. Lakini sasa aliisimulia yote: Mombasa iko chini kabisa, bahari inakulamba miguu, saa ya huko lazima ilikuwa inatambaa. Iandikwe. Aliigonga ile karatasi kwa kidole.

Mwalimu Muringo akaanza upya. Tulisikia maharagwe yakichemka jikoni. Alipomaliza alirudia tena mara ya pili, kisha akaweka kalamu chini na kusema kwamba Mombasa imegeuza mambo. Miaka tisa ya pwani imekula kilima chote na kuzidi. Mdogo ni Munyao. Makau ndiye mkubwa, kwa vipande ishirini.

"Unaona?" Munyao akamwambia Kasiva. "Mimi ndiye mdogo. Mimi."

Ilichukua muda kidogo kabla ya masikio yake kusikia kinywa chake. Lakini Kalunde hakungoja. Simu ilikuwa tayari sikioni, anampigia Waithaka, na alizungumza kwa sauti ya kusikika hadi kwa muuza mkaa. "Waambie Jumamosi waje. Mzee wetu ni baba Makau. Baba Munyao mwenyewe ameungama, mbele ya mwalimu." Akaiweka simu kwenye aproni, akamimina chai meza zote bila malipo, na ilikuwa na sukari.

Kuna watu husema kwamba mimi niliikumbuka Mombasa tangu mwanzo nikainyamazia, na kwamba maparachichi yote ya Kasiva nilikuwa nimeyanunua mapema siku hiyo. Watu wa Kangundo husema mengi.

Jumamosi walikuja, magari mawili, mbuzi wakilia nyuma. Makau alikaa kwenye kigoda katikati ya boma, koti limepigwa pasi mpaka linang'aa. Baba mkubwa wa Waithaka alisimama na kamba, akauliza kwa uangalifu kama amefika mahali penyewe. Makau akanyoosha mkono. Ulikuwa mmoja tu. Akaipokea kamba, na akina mama wakapiga vigelegele, na Kalunde, aliyekuwa amesimama mlangoni kwa gauni la kijani, akaketi chini pale pale kwenye ngazi kama mtu aliyetua mtungi.

Lakini mbuzi yule alikuwa dume lenye nguvu, nalo lilikuwa limeona kahawa. Makau alilishikilia, akavutwa kidogo, akalishikilia tena. Akageuza kichwa kuelekea langoni, ambako Munyao alikuwa anawatania wageni.

"Mdogo wangu," akaita, "njoo unisaidie na huyu."

Boma lote likamtazama Munyao. Alivua kofia akampa Kasiva amshikie, kisha akaitikia, "Naam, kaka," na akaja mbio.