Mama Asiyegomba

Mashine ya kupiga pasi mashuka haijui kuchoka, na hapo ndipo inapowamaliza watu. Unashika shuka bichi kwa pembe mbili, mwenzako anashika mbili nyingine, mnalikung'uta, mnalilisha kwenye roli la moto, na kabla halijatokea upande wa pili mashine imeshaachama inataka jingine. Mama Chiriku alikuwa akiilisha tangu asubuhi. Kengele ya mapumziko ilipolia aliketi juu ya kitoroli cha mataulo, akavua kiatu kimoja, na kabla hajavua cha pili alikuwa ameshapiga simu nyumbani.

Kule nchini kwao ilikuwa tayari saa ya chakula cha jioni. Alipokea mama yake mzazi, ambaye siku hizi kila mtu alimwita Bibi, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akilea mjukuu.

"Haya, mama yako huyu hapa. Msalimie."

Mjukuu huyo, binti wa miaka mitatu aliyebandikwa jina la Chiriku kwa sababu hanyamazi hata usingizini, alitazama kioo cha simu, kisha akageuza uso.

"Mwanangu, umekula?"

"Sijala."

"Mbona hujala? Bibi kahangaika jikoni mchana kutwa. Kula upesi, mama."

Mtoto alimtazama bibi yake kama mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia.

"Siyo huyu," akasema. "Nataka mama yule. Huyu anagomba."

Kidole kidogo kikaja mpaka kikajaa kioo kizima. Kikabonyeza kitufe chekundu.

Mama yule alikuwa yeye mwenyewe. Alimtengeneza kwa mikono yake. Jioni za wiki alikuwa akisoma lugha ya wenyeji katika darasa la watu wazima, na mwalimu aliwapa sauti zilizorekodiwa za kujifunzia nyumbani. Sauti inauliza, inanyamaza kidogo upate kujibu, kisha inakusifu: vizuri sana! Ukijibu sawa, vizuri sana. Ukijibu upuuzi, vizuri sana vilevile. Alizipenda sauti zile, maana katika nchi nzima hapakuwa na mwingine wa kumsifu.

Basi siku moja ya mapumziko alijifungia bafuni, ndicho chumba pekee chenye utulivu katika nyumba aliyopanga na wenzake. Akajipaka poda, akavaa hereni, akajirekodi kwa namna ileile. "Chiriku wa mama, umekula?" Akanyamaza, akitabasamu. "Hongera! Sasa fungua mdomo, aaa." Akanyamaza tena. "Tafuna, tafuna. Umemeza? Hongera!" Alirudia mpaka uchovu wote ukamtoka usoni, angalau kwa muda wa ile video.

Alipoituma nyumbani, ilifanya kazi kuliko alivyotarajia. Mtoto aliyekuwa akifunga mdomo kila akiona kijiko sasa alikula mpaka Bibi akashangaa. Mama yule hakukatikakatika kwa mtandao mbovu. Hakubadilishiwa zamu. Hakupiga miayo. Kila alipoitwa alikuja, na hereni zake.

"Kakukatia?" aliuliza Shangazi pale kwenye kitoroli. Huyu ndiye waliyeshirikiana naye pembe za mashuka, mama mtu mzima aliyeondoka kwao zamani, na wote pale dobini walimwita hivyo.

"Kanikatia. Anasema siyo mimi."

"Wewe una bahati, mke mwenzio ni wewe mwenyewe. Mimi wa kwangu alidhani naishi ndani ya betri. Simu ikizimika anamkimbilia baba yake, 'Baba, mchaji mama!'"

"Shangazi, sicheki."

"Najua. Nacheka kwa niaba yako. Vaa kiatu, kengele hiyo."

Wiki haikuisha, ukaingia ujumbe wa sauti kutoka kwa Bibi. Mama Chiriku aliusikiliza nyuma ya mapipa ya sabuni, simu kaigandamiza sikioni.

"Mwanangu, usishtuke, mtoto mzima. Alijikwaa kizingitini, goti likachanika kidogo, nimeshamsafisha. Lakini nataka nikwambie nilichokiona. Mimi nilikuwa uani. Hakuniita mimi. Alikwenda kwenye simu akambonyeza yule mama yake, akamwambia, 'Mama, nimeumia.' Na wewe, yaani yule, ukamwambia hongera, fungua mdomo. Akafungua, mwanangu. Damu inatiririka mguuni, machozi yanaingia humohumo kinywani, naye kaachama anangoja kijiko. Mimi nimelea wengi, hilo sijaliona. Niambie nifanyeje."

Aliusikiliza mara ya pili, ingawa hakuna neno alilokuwa hajalisikia. Akakaa sakafuni, penye majimaji. Yule alikuwa na nafasi kila saa. Yeye alikuwa na mapumziko ya chakula, na sura ambayo mvuke umeiparuza siku nzima. Wakiwekwa sokoni wote wawili, mtoto gani angemchukua huyu?

Akapiga.

"Mfute, mama."

"Na asipokula?"

"Njaa itamfundisha. Mfute tu."

Kuku walisikika nyuma ya Bibi. "Na akikukataa na wewe? Atabaki na nani?"

"Atabaki na wewe," alisema. Akakata simu.

Siku ya kwanza Chiriku alilia mpaka akakohoa. Ya pili alijificha chini ya meza. Bibi aliiegemeza simu kwenye kikombe na kwenda na shughuli zake, na Mama Chiriku akatumia mapumziko yake yote kutazama mguu wa meza na kipande cha ukuta, huku akila mkate wake. Hakubembeleza. Alisema tu yaliyokuwapo. "Leo nimechoka, mwanangu. Mabega yananiuma." Ukuta haukujibu. Kesho yake akatazamana nao tena.

"Unapiga soga na fanicha," Shangazi alisema.

"Iko nyumbani hiyo fanicha."

Shangazi akamsogezea chai yake.

Kisha ikaja siku ya balaa. Shuka lilijizungusha ndani ya roli, mashine ikakwama, mapumziko yakafutwa, na msimamizi akawasimamia kwa mikono kiunoni kana kwamba wao ndio waliolisuka lile shuka. Mpaka fundi analitoa, jioni ya kule ilikuwa imekwenda. Mama Chiriku alipopiga, nywele zilikuwa zimemganda kwenye paji la uso na sauti imekauka. Hakuwa hata na hamu ya kuuona ukuta.

Ikapokewa kabla haijalia mara mbili. Pua. Kisha jicho.

"Umechelewa!" alisema Chiriku.

Mama akaisogeza simu karibu na uso.

"Umechelewa wewe! Nimekungoja, nimekungoja, Bibi kaniambia nilale, nikakataa. Goti limekauka na hujaliangalia!"

"Mashine ilikwama, mwanangu. Ilimeza shuka."

"Zima?"

"Zima zima."

Mtoto alitafakari. "Uliigombeza?"

"Sana."

"Mbaya hiyo." Kioo kikageuka kahawia kitupu, na ilimchukua Mama Chiriku muda kutambua kwamba lile lilikuwa goti, limeshikizwa kabisa kwenye kamera, gamba la kidonda katikati.

"Pole, mama. Linauma?"

"Linawasha."

"Usilikwangue."

"Nalikwangua kidogo tu."

"Chiriku, nimesema usilikwangue!"

Ilimtoka kali, kabla hajaizuia. Akafumba macho, akingoja kile kidole kije.

"Basi siachi kukwambia umechelewa," mtoto alisema. "Na juzi ulikuwa unakula mkate mkavu, nilikuona. Na nywele zako mbaya leo. Na kesho…"

Msimamizi alipiga makofi: mashine ilikuwa tayari. Mama Chiriku alisimama. Mabega yaliuma palepale pa siku zote, na zamu ilikuwa bado ndefu.

"Mwanangu, naitwa kazini."

"Ngoja, sijamaliza!"

Akaitia simu mfukoni mwa aproni bila kuikata. Shangazi alikuwa ameshasimama mahali pake na shuka mkononi. Akampa pembe mbili. Wakalikung'uta, wakalilisha, wakachukua jingine, na mfuko ukaendelea kugomba.