Kibandiko Juu ya Tarehe

Mwalimu Irene alikuwa na sheria moja ambayo wanafunzi wa chuo cha sanaa pale Same mjini waliikariri kabla hawajajua hata kuchonga penseli vizuri. Kila mchoro uandikwe siku na saa pale pale ulipochorwa, kona ya chini kulia, kwa wino. "Mchoro usio na tarehe ni umbea," alikuwa akisema, na asiyeandika alirudishiwa karatasi yake bila hata kutazamwa. Ernesta aliishika sheria hiyo kuliko wenzake wote, na utiifu wake ndio uliokuja kumtokea puani.

Septemba alikuwa likizo nyumbani kwao Kwamshai, huko juu milimani. Alfajiri moja alijifunika blanketi akaenda kukaa kwenye mwamba unaotazama ndiva. Ndiva ni bwawa lililochimbwa na mababu zao. Usiku kucha kijito kinalijaza, na asubuhi mwenye zamu anachomoa gogo la mgomba lililoziba tundu, maji yanashuka kwa mfereji mpaka shambani kwake. Nyumba moja, siku moja, basi. Kabla jua halijachomoza akaja baba yake, Tumainieli, peke yake. Akainama, akachomoa gogo, akaondoka akiyafuata maji. Ernesta alimchora haraka haraka, mgongo na mikono na maji yanayoruka, na akafurahi mno, kwa sababu siku ile mkono wake ulimtii kuliko siku zote. Akaandika: Jumanne, 16 Septemba, saa kumi na mbili na robo asubuhi. Kesho yake akarudi chuoni, mchoro ukiwa begini, hajamwonyesha mtu yeyote wa nyumbani.

Zamu ilikuwa ya nani, hakujiuliza. Mtu aliyeishi bweni tangu ana miaka kumi na minne atazijuaje zamu za maji?

Alikuja kujua Oktoba, mama yake alipopiga simu na habari za kijiji. Loth, yule jirani ambaye shamba lake linapakana na mfereji, ameiba zamu ya Bi Asteria, mjane wa watu. Bi Asteria alifika na jembe lake asubuhi akakuta ndiva kavu. Watu wakaufuata mfereji, wakakuta ukingo umepasuka kwa Loth na shamba lake limelowa chapachapa. Loth akaapa mpaka sauti ikamkauka, nani amsikilize? Kamati ikaketi, na mwenyekiti akasoma hukumu kwa mdomo wake: Loth hapati maji mpaka mvua zinyeshe. Sasa tangawizi yake yote imekauka, mwenyewe ameshuka Kihurio kufanya kibarua kwenye mpunga wa watu.

"Ilikuwa siku gani, mama?"

"Si Jumanne ile, kesho yake ukaondoka."

Mwenyekiti wa kamati ya maji ni Tumainieli. Tena ni mzee wa kanisa, mtu ambaye akisimama kusema hata watoto wachanga wanaacha kulia. Shamba lake liko chini ya lile la Loth, mfereji ni huo huo mmoja, na hakuna mtu aliyekwenda kukagua udongo wa mwenyekiti. Zamu yake ni Ijumaa. Ernesta alikata simu, akatoa mchoro begini, akasoma kona ya chini mara tatu. Akaketi sakafuni. Tangawizi ya baba ndiyo iliyokuwa ikimsomesha, na mwaka huo jua lilikuwa kali. Alielewa kila kitu kwa mara moja, kwamba maji yale yalikuwa yakienda kwa baba na yakapasua ukingo njiani, na alitamani asingeelewa.

Angeuchana mchoro siku hiyo hiyo kama Mwalimu Irene hangekuwa ameshauona. Mwalimu alikuwa ameutazama kwa muda mrefu, kisha akasema neno ambalo wanafunzi wa chuo kile hulisikia mara moja kwa miaka mingi: "Huu tutautundika katikati."

Maonyesho yalipangwa Jumamosi ya mwisho ya Novemba. Ubao uliwekwa getini, kando ya barabara kuu: MAONYESHO YA WAZI, KIINGILIO BURE, WOTE MNAKARIBISHWA. Matangazo yakasomwa makanisani, kwa Walutheri na kwa Wakatoliki, mpaka vijiji vya juu kabisa. Siku tatu kabla, baba yake akapiga simu, sauti imejaa furaha.

"Tunakuja, mwanangu. Kamati nzima! Mchungaji katutafutia Fuso. Hata Bi Asteria anakuja. Nimewaambia binti yangu kazi yake imewekwa katikati."

"Baba, ni mbali. Msijisumbue."

"Bure halafu tusije? Umeniona mimi mjinga?"

Ernesta akaenda kwa Mwalimu Irene kuomba autoe mchoro. Mwalimu akamtazama juu ya miwani. "Sababu?" Sababu haikuwa na mahali pa kupita mdomoni. Akasema mistari ya maji imemshinda. Mwalimu akamjibu kwamba maji ndiyo yaliyombeba, na aache kujinyonga bila kamba. Ndipo Ernesta alipofanya alichofanya. Kila kazi ilihitaji kibandiko chenye jina lake na jina la mchoraji, na kibandiko hukaa ukutani, chini ya fremu. Cha kwake alikibandika juu ya kioo, kona ya chini kulia, kikaifunika tarehe yote. "Asubuhi Ndivani. Ernesta Tumainieli, mwaka wa pili." Mtu asiyejua angedhani ni uzembe tu.

Basi ilibaki sheria ya pili ya Mwalimu Irene, na hii ndiyo iliyomkosesha usingizi. Siku ya maonyesho mwanafunzi husimama kando ya kazi yake na kujibu swali la mtu yeyote, awe mkuu wa wilaya au mchunga mbuzi. Haondoki na hageuzi maneno. Aliyeingia bure, mwalimu alisema, tunamlipa kwa majibu.

Jumamosi ikafika. Kwenye saa nane mchana ukumbi ulikuwa umejaa, joto la Same likiwabana watu wa milimani ndani ya makoti yao. Kamati ya maji ya Kwamshai iliingia kwa pamoja kama inakwenda kwenye altare, Tumainieli mbele, kofia kichwani na koti lake la bluu lenye kiraka cha mkononi. Bi Asteria aliketi kwenye benchi la nyuma na mkoba wake mapajani, akisema macho yake yanaona vizuri kwa mbali.

"Shikamoo baba. Shikamooni wazee."

"Marahaba, marahaba mwanangu. Hebu tuone!"

Wakaona. Huko milimani mtu anajulikana toka ng'ambo ya bonde kwa anavyobeba jembe lake, seuze hapo, hatua mbili tu. Koti lile, kiraka kile, na bega la kushoto lililoshuka tangu alipoanguka kwenye mparachichi. Wajumbe wakaangua kicheko.

"Mwenyekiti! Umechorwa mgongo, uso umewakosea nini?"

"Hata gogo la mgomba lenyewe! Huyu mtoto ana jicho."

Tumainieli alicheka nao. Alicheka, halafu kicheko kikapungua chenyewe, kikaisha. Ernesta alimwona akisogea, akiyatazama maji, anga lisilo na jua, kisha macho yakashuka taratibu mpaka kona ya chini, kwenye kibandiko. Yakakaa hapo. Wenzake walipoanza kusogea kwenye vinyago vya ukuta wa pili, yeye alibaki.

"Ulichora lini?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Wakati wa likizo, baba."

"Likizo ni ndefu."

Walisimama hivyo, baba na binti, kila mmoja akijua kwamba mwenzake anajua, na Ernesta akahisi aibu ambayo hakujua ni ya nani kati yao wawili.

Pengine ingeishia hapo. Fuso lingewarudisha wazee mlimani, mchoro ungeshushwa, na Kwamshai ingeendelea na uongo wake kwa amani. Lakini lile neno bure lilikuwa limeandikwa kwa herufi kubwa, na barabara kuu inapitwa na kila mtu. Mlinzi wa getini alimruhusu mwanamume mmoja mwenye matope ya mpunga yaliyokauka mpaka magotini, aliyekuwa ametoka Kihurio kuja Same kununua dawa ya mtoto. Ubao ulisema wote. Mlinzi angemzuia kwa lipi?

Loth aliingia taratibu, kofia mkononi. Alikuwa amekonda. Alipowaona wajumbe wa kamati alisita, akataka kugeuka, kisha macho yake yakaudaka mchoro wa katikati. Akausogelea. Ernesta alitamani sakafu ipasuke.

"Shikamoo, baba Sifael," alisema. Sifael ndiye mtoto mkubwa wa Loth, aliyesoma naye darasa moja.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?" Loth alijibu bila kumtazama. Alikuwa akiutazama mchoro kwa makini, kama mtu anayetafuta kitu alichopoteza mahali alipokwisha kutafuta mara mia. "Huyu ni baba yako."

"Ndiyo."

"Na jua bado halijatoka."

"Bado."

Ukumbini palianza kunyamaza, kwanza wajumbe, halafu na wengine walioona wajumbe wamenyamaza. Mwalimu Irene alisimama mlangoni na kikombe cha chai. Tumainieli alikuwa pale pale, hatua mbili kutoka kwa Loth, mikono nyuma.

"Ilikuwa siku gani, binti?" Loth aliuliza. Sauti yake haikuwa na ukali hata kidogo, na hilo ndilo lililomuumiza Ernesta zaidi.

Aliyaona yote mawili kwa mpigo. Upande mmoja shamba la tangawizi lililokauka na mtu mzima akiwapandia watu mpunga. Upande wa pili baba yake, aliyembeba mgongoni kumvusha mto kila Jumatatu ili viatu vya shule visilowe, akivuliwa heshima mbele ya watu, na anayemvua ni yeye. Akafungua mdomo, na kilichotoka hakukipanga.

"Ijumaa, baba Sifael. Ilikuwa zamu yetu."

Loth aliendelea kuutazama mchoro kwa muda. Halafu mabega yake yakashuka, akashusha pumzi, akatikisa kichwa.

"Basi. Mungu anisamehe," alisema. Akamgeukia Tumainieli. "Shikamoo mwenyekiti. Nikwambie ukweli, miezi miwili hii nilikuwa nikikuwazia vibaya. Shamba lako liko chini yangu, nikawa nasema moyoni, maji yalikuwa yanakwenda kwake. Usiku silali, nakuwaza wewe. Leo nimekuona kwenye picha ya mtoto, nikasema kweli si hii. Kumbe ni zamu yako mwenyewe. Nisamehe, mzee. Umenihukumu kwa ulichokiona, sina kinyongo."

Akanyoosha mkono.

Mkono ulikuwa na nyufa za kazi ya majini, kucha zimefifia. Tumainieli aliutazama. Wajumbe nao waliutazama, wakisubiri mwenyekiti aupokee yaishe, na mmoja akawa ameshaanza kusema amina. Ernesta hakuweza kumtazama baba yake usoni. Alitazama kiraka cha koti.

Tumainieli hakuupokea mkono. Alimpita Loth, akaenda mpaka kwenye mchoro, akainama jinsi alivyokuwa ameinama mle ndani ya fremu, na kwa ukucha wa kidole gumba akaanza kukwangua kibandiko.

"Baba," Ernesta alisema. "Baba, acha."

"Wewe umejifunza wapi kusema uongo?" aliuliza bila kugeuka, na sauti yake ilikuwa imepasuka. "Mimi nimekusomesha uje useme uongo mbele za watu?"

Gundi ilikuwa nzuri. Kibandiko kilitoka vipande vipande, na kila kipande alikiweka mfukoni mwa koti, kwa utaratibu, kama mtu mwenye muda wote duniani. Ukumbi mzima ulisikia ukucha ukikwaruza kioo. Alipomaliza alijinyoosha, akapisha.

Loth alisogeza uso karibu na kona, akakodoa macho, akashindwa. Wino ulikuwa mwembamba na yeye hakuwa na miwani. Akamgeukia tena Ernesta. Mkono alikuwa ameushusha. Aliuliza kwa maneno yale yale, polepole, kama vile hakuwahi kuuliza kabla.

"Ilikuwa siku gani, binti?"

Ernesta alimtazama baba yake. Tumainieli alitikisa kichwa kukubali, mara moja tu.

"Jumanne, baba Sifael. Tarehe kumi na sita Septemba. Saa kumi na mbili na robo asubuhi."

Mjumbe mmoja aliketi chini ghafla ingawa hapakuwa na kiti. Kule nyuma Bi Asteria aliinuka benchini, akautundika mkoba wake begani, akaanza kuja mbele, na watu wakampisha.

Tumainieli alimshika binti yake mkono, akamwondoa taratibu pale alipokuwa amesimama. Kisha akavua kofia, akasimama mwenyewe kando ya mchoro, mahali pa anayepaswa kujibu, akasubiri maswali.