Goti la Gertruda na Bwawa la Matiri

Bodaboda ilimshusha Gertruda mbele ya nyumba saa nne asubuhi, akiwa na magongo ya kutembelea kwapani na mfuko wa nguo shingoni. Mama mkwe wake, Hildegardi, alikuwa uani akizungusha mashine ya kumenya kahawa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umepona?"

"Bado, mama. Daktari kasema miezi sita nisifanye kazi nzito. Na nisisimame muda mrefu."

"Pole sana. Basi usisimame." Hildegardi akamsogezea kigoda karibu na mashine. "Kaa hapa. Ukiwa umekaa uzungushe hii, mimi nikachote maji. Mkono si hauna shida?"

Mkono haukuwa na shida. Gertruda akalaza magongo chini, akanyoosha mguu wake uliofungwa bandeji, akaanza kuzungusha.

Goti alilivunjia bwawani mwaka uliotangulia. Bwawa lililo chini ya shule ya Matiri huganda kila mwaka ikikaribia sikukuu ya Watakatifu Petro na Paulo, mwishoni mwa Juni, baridi inapokuwa kali, na hubaki limeganda hadi kahawa inapokaribia kwisha mashambani. Zamani sista mmoja mgeni aliliona likiwa katika hali hiyo, akasema ni aibu barafu nzuri kiasi kile kukaa bure, akawafundisha wasichana mpira wa magongo wa barafuni. Sista alikwishafariki. Wasichana walikuwa sasa ni mama za watu, na mabinti zao walikuwa wanacheza. Viatu vyao vilikuwa na makali yaliyofuliwa kwa springi za lori, magongo yalichongwa kutoka mashina ya mikahawa mikuukuu, na kile wanachokipiga kilikatwa kwenye tairi. Wanaume waliwahi kujaribu kuanzisha timu yao, lakini barafu haikuwabeba.

Gertruda alikuwa beki. Siku ile aligeuka upande wa kushoto kumzuia mtu, makali yakanasa kwenye ufa, mwili ukaenda na goti likabaki. Kano ilikatika kwa mlio uliosikika mpaka kwenye nyumba za walimu. Ilichukua muda mrefu kupata nafasi ya kufanyiwa upasuaji, na muda wote huo alilima, akapanda, akapalilia, kwa mguu mmoja na robo.

Wiki ya kwanza baada ya kurudi, aliweka mguu kwenye beseni la maji ya uvuguvugu kama alivyoelekezwa. Maji yakaganda. Alipoutoa mguu, barafu ikakaa kidogo, kisha ikayeyuka.

Hildegardi akachungulia.

"Hayo maji nilitaka nioshee vyombo," alisema.

Jioni Egidi, mumewe, alitazama beseni, akatazama goti, akafikiri. Siku iliyofuata alileta ndoo ya maziwa akaiweka kwenye unyayo wa mkewe, maana maziwa yalikuwa yakichacha kabla ya mnunuzi kupita. Maziwa hayakuchacha tena. Mwenye duka akaja kuomba, kwa adabu kabisa, Gertruda, Mama Luisa kama walivyomwita, awe anakaa dukani kwake siku za joto, karibu na kreti za soda. Halafu akaja Zabron, muuza samaki kutoka Mbamba Bay kule ziwani, anayepandisha mbasa na dagaa wabichi kwa pikipiki siku za gulio. Yeye alikuja na kiti chake mwenyewe.

"Wewe unakaa tu, dada yangu," alisema Zabron. "Unaweka mguu juu ya kasha. Huko si ndiko kupumzika kwenyewe?"

Gertruda akakaa gulioni tangu asubuhi hadi alasiri, mguu juu ya kasha la samaki. Wateja walimpa pole ya goti, wakamwomba asogeze kisigino wachague mbasa. Akarudi nyumbani ananuka ziwa, na goti limevimba, akakuta kahawa mbivu ikimngoja mtelemkoni. Akaenda kuichuma. Akapandisha debe kichwani, magongo ameyaacha chini ya mti wa kahawa kwa sababu huwezi kushika magongo mawili na debe.

Hakuna aliyemkataza. Ila mara moja, alipochukua viatu vyake vya makali darini ili avipake mafuta visipate kutu, nyumba nzima ilisimama.

"Mama Luisa," alisema Egidi, "unataka kufanya nini?"

"Kupaka mafuta."

"Na baada ya kupaka?"

"Bwawa likiganda nitacheza."

Hildegardi akaweka chini mwiko. "Na goti hilo? Mwanangu, mtu kakupasua, kakushona, wewe unataka kwenda kukimbia na chuma miguuni? Huna huruma na mwili wako?"

"Jana nimebeba debe kutoka bondeni, mama. Mlinipokea."

"Kubeba debe ni kazi," alisema Egidi. Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayemwelekeza mgeni njia ya kwenda kanisani. "Kazi haina namna. Ule ni mchezo."

Gertruda akaketi na viatu mapajani. Akapaka mafuta. Akavirudisha darini.

Sikukuu ya Petro na Paulo ikapita na bwawa halikuganda. Baridi ilikuwa ile ile, asubuhi majani yalikuwa meupe, lakini maji yalikaa maji, bata wakaogelea. Timu ya wanawake wa Mbamba Bay ilikwishaleta taarifa kuwa Jumapili ya pili ya Julai inapanda milimani kucheza, kama kila mwaka. Scholastica, nahodha, ambaye alikuwa mwalimu wa darasa la tatu, alilizunguka bwawa, akatumbukiza mkono, akawaza. Kisha akaenda moja kwa moja nyumbani kwa Gertruda na kumkuta ameegemeza mguu kwenye ndoo ya maziwa.

"Kumbe baridi yote imo kwako," alisema Scholastica.

"Nimeshaambiwa."

"Twende bwawani."

Walienda pamoja na timu nzima. Gertruda alivua kiatu, akatumbukiza unyayo. Bwawa likaganda toka ukingo hadi ukingo, kwa sauti kama ya mtu anayekunja bati. Bata wakapanda juu ya barafu, wakaondoka zao. Wanawake wakapiga vigelegele. Tangu atoke hospitali, hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza Gertruda kucheka kwa sauti.

Scholastica akaleta kiti kutoka darasani, akakiweka ukingoni pazuri, penye jua.

"Utakaa hapa," alisema. "Nitakuletea na blanketi."

"Na nafasi yangu anacheza nani?"

"Benadetha. Bado anajifunza, lakini ana mapafu."

"Na mimi?"

Scholastica alionekana kushangaa kuulizwa. "Wewe ndiye barafu, Gertruda. Bila wewe hatuna mchezo. Umeona umuhimu wako?"

Wachezaji walikwisha kuingia bwawani kujaribu. Gertruda aliwatazama kwa muda. Walikuwa rafiki zake, wengine walimbeba siku ile kwenye machela. Kisha akautoa mguu kwenye maji, akaufuta kwa kanga, akavaa kiatu.

Barafu ilidumu kiasi cha mtu kumaliza Baba Yetu. Halafu wote walikuwa majini mpaka kiunoni, wakipiga kelele, na Benadetha akiuliza gongo lake liko wapi.

"Gertruda!" Scholastica alikuwa anatetemeka meno. "Una wazimu?"

"Nakaa nyumbani kwa ajili ya maziwa. Nakaa dukani kwa ajili ya soda. Nanuka mbasa mpaka kanisani," alisema Gertruda. "Sikai tena popote. Nacheza, au mtafute barafu nyingine."

"Goti lako je?"

"Mbona kila mtu analiulizia goti langu nikitaka kucheza tu?"

Scholastica alipanda ukingoni, akakamua sketi yake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mechi Jumapili.

"Ukiwa ndani ya bwawa, barafu itakaa?" aliuliza.

"Itakaa maadamu nipo ndani."

"Basi hatutaweza kukubadilisha. Ukichoka, huwezi kutoka. Timu zote mbili zitazama."

"Najua."

"Haya."

Jumapili, baada ya misa ya pili, watu wa Matiri walijaa ukingoni. Wanawake wa Mbamba Bay walikuwa wamefika na Fuso, wakiwa wamevaa masweta mawili mawili, wakilalamikia baridi. Wao ni Waanglikana na walikuwa wamesali njiani. Egidi alikuwepo, mikono nyuma. Hildegardi alikuja na mkeka wake. Gertruda aliketi chini, akafunga kamba za viatu taratibu, mguu mzima kwanza, kisha ule mwingine. Kovu lilikuwa refu, jekundu, limenyooka. Hakulifunika.

Aliposhuka bwawani, barafu ikaja chini yake na kuendelea mpaka ng'ambo. Filimbi ikapigwa.

Kwa muda alienda mbele na nyuma tu, na watu wakadhani anacheza. Yeye alijua kwamba hachezi. Kila mpira ulipokwenda kushoto aliuacha. Goti halikuuma. Kilichomsumbua ni kwamba lilikuwa kimya, na alikuwa akilisikiliza kama mtu anayesikiliza mlango. Kisha Eliza wa Mbamba Bay, mwanamke mwenye mabega ya kuvuta nyavu, akaja na mpira kwa kasi upande ule ule, karibu kabisa na mahali pale pa mwaka jana. Gertruda alitakiwa kugeuka kushoto. Akasimama wima. Eliza akampita, akafunga.

"Pole, dada," alisema Eliza alipokuwa anarudi, na alimaanisha.

Ukingoni mtu akasema, "Si tulimwambia?"

Scholastica akateleza hadi kwake, uso umemwiva. "Umetuzamisha juzi ili ucheze. Sasa cheza."

"Naogopa."

"Najua unaogopa. Geuka huku unaogopa."

Eliza alikuja tena kabla ya mapumziko. Gertruda aliona gongo lake, akaona bega lake. Akageuka kushoto. Makali yakakata barafu, uzito wote ukaangukia goti, na goti likaupokea, likaushika, likaurudisha. Akautwaa mpira kwenye gongo la Eliza, akaupeleka kwa Benadetha, ambaye alikuwa na mapafu kweli, na Benadetha akakimbia nao mpaka golini. Wakati wenzake wanashangilia, Gertruda alibaki pale pale kwenye ile kona, akageuka tena, peke yake, bila mpira. Akageuka mara nyingine. Alikuwa analia, ila jasho lilikuwa jingi na hakuna aliyetofautisha.

Alicheza mechi nzima. Hakukuwa na namna nyingine. Mwishoni alikuwa akipumua kwa mdomo na paja likimtetemeka, na mara mbili Scholastica alimwona akiutazama ukingo, akamtikisia kichwa kwamba asithubutu. Matiri walifungwa matatu kwa mawili. Timu zote mbili zilishikana mikono, zikatoka, Gertruda akatoka wa mwisho, na bwawa likarudi kuwa maji nyuma yake.

Hildegardi alikuwa anakunja mkeka. Alionekana amefurahi sana.

"Nimekuona, mwanangu. Unageuka kama mbuzi! Kumbe mguu umepona kabisa."

"Haujapona, mama. Umeshika."

"Umepona. Kijiji kizima kimeona." Akamgeukia mwanawe. "Si umeona, Egidi?"

"Nimeona," alisema Egidi. Alikuwa ameumia kidogo, kama mtu aliyegundua kwamba alidanganywa. "Na sisi huku tunakupa debe tu, tunakuonea huruma. Mashine tunazungusha kwa zamu. Kumbe."

"Baba Luisa."

"Silaumu. Nasema tu. Kahawa kavu ipo, inatakiwa kufika chama cha ushirika wiki hii."

Zabron naye alikuwa amesogea, akasubiri wamalize, akasalimia wote. Alitaka kujua kama Jumatano ya gulio bado ipo, na kama kwa sasa dada ataweza kusimama, maana kile kiti alikuwa amekiuza.

Gertruda aliwatazama mmoja mmoja. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Alivua viatu, akafunga kamba pamoja, akavitundika shingoni, akatangulia kupanda mlima, na wao wakamfuata nyuma wakiongea jinsi lile goli la Benadetha lilivyokuwa safi.

Jumatatu asubuhi alikuwa njiani kwenda chamani, nusu gunia la kahawa kichwani. Goti lilikuwa limevimba kama boga changa, na kila alipokanyaga umande uliganda. Kwenye kona ya shule alikutana na Scholastica, daftari za wanafunzi kifuani.

"Umeamkaje?"

"Salama. Za kwako?"

"Nzuri. Goti?"

"Linauma."

Scholastica akalitazama. Uso wake ulionyesha wasiwasi wa kweli.

"Jumapili tunashuka kurudiana nao. Ziwani, kule kwao. Utaweza kugandisha ziwa?"

"Sijui. Nitajaribu karibu na ufukwe."

"Na utacheza?"

"Nitacheza."

"Basi lipumzishe, tafadhali," alisema Scholastica. "Wiki hii yote, lipumzishe."

Kisha, kwa kuwa gunia lilikuwa limelalia upande mmoja, akaweka daftari zake chini kwenye majani, akamsaidia kulikalisha vizuri kichwani, akaokota daftari, akakimbilia darasani.