Uso Uliopandishwa Bila Ruhusa

Miezi miwili, akiwa amelazwa hospitali ya Arua, Natalina alimwomba Mungu jambo moja tu: Yasiri aaibike. Alijua imeandikwa kwamba kisasi ni cha Bwana. Basi akamwambia Bwana, kisasi kiwe chako, mimi nitabeba kigoda tu.

Siku ya soko akakibeba hadi sokoni Koboko.

Yasiri aliuza unga wa mlonge na wa karkade, yale maua mekundu ya chai, kama dawa. Juu ya meza yake lilining'inia bango lenye picha ya Natalina, mashavu yamejaa: NIMEPONA KUTU YA TUMBO, jina alilouita ugonjwa wake wa utumbo. Alipigwa picha hiyo wiki ya kwanza ya kunywa unga, vidonge vya hospitali vikiwa bado vinafanya kazi mwilini. "Sasa vidonge tupa," Yasiri alimwambia. Akatupa. Kufikia Pasaka alikuwa anaharisha damu mara kumi na tano kwa siku.

Daktari wa Arua hakumcheka. Alisema utumbo wenye uvimbe huliwa na sumu zake wenyewe, kama bati linavyoliwa na kutu, na kwamba papai na boga huusaidia. "Lakini nyumba ikiwaka, hatupaki rangi. Kwanza tuzime moto."

Natalina akaweka kigoda chini ya bango, akakaa. Mifupa ya mabega ilimtokeza. Wateja waliitazama picha, kisha wakamtazama yeye.

"Dada, wewe iko fanya nini hapa?" Yasiri alinong'ona.

"Nakaa tu. Wewe uza."

Mama mmoja, Mariam Poni, alikuwa tayari ameshika pakiti. "Si ni wewe huyu?"

"Ni mimi, mama. Hapo sijatupa dawa bado." Akampa daftari lake la hospitali. Mariam Poni akasoma polepole, kidole kikifuata mstari, kisha akairudisha pakiti mezani.

Hadi adhuhuri hakuna aliyenunua. Yasiri akaleta ngazi, akapanda. Natalina akaishika.

"Liache."

"Nashusha, dada. Nisamehe, maneno iishe."

"Ulipolipandisha uliniuliza? Uso ni wangu. Mimi nasema likae."

Watu wakacheka. Yasiri akashuka mikono mitupu.

Natalina akafungua kopo lake, akashukuru kwa sala fupi, akala boga la kuchemsha bila haraka, na mbele ya wote akameza kidonge.

"Na kule soko la Oraba, huyu huwa anauza siku gani?" akauliza.

Yasiri akajifanya anahesabu pakiti.

"Jumamosi," akajibu Mariam Poni.

"Asante, mama."