Pumzi ya Mrina Asali

Anselm hakukasirika mkewe alipomwambia anarudi kwao Ulyankulu. Hakusikitika pia. Tangu alipoanguka kutoka juu ya mti akirina asali, miguu yake haikusikia kitu, na moyo nao ukaamua kuifuata. Alishinda kwenye kiti chake cha magurudumu pale mtaani Isevya akiangalia ukuta. Ukuta wenyewe ungekuwa na aibu, ungehama.

"Si miguu ninayoikimbia, Baba Asnath," Levina alimwambia. "Miguu nilishaizoea. Nimechoka kuishi peke yangu na wewe umo ndani."

"Sawa," alijibu Anselm.

Kabla ya kufunga mizigo, Levina alijaribu jambo moja la mwisho. Alimsukuma hadi mtaa wa Ng'ambo, kwa Thuraya, aliyefundisha yoga katika ghala la marehemu baba yake. Majirani walikuwa wamekwisha kutoa hukumu kwamba ni ibada ya mashetani. Wangechungulia wangemwona bibi mwenye magoti mabovu akiinua mikono juu ya kiti cha plastiki, na kijana asiyeona amelala chali mkekani. Mashetani gani hao wavivu!

"Shikamoo, mzee," alisema Thuraya.

"Marahaba."

"Hapa kila mtu anafanya kwa alichonacho. Mikono unayo?"

"Ninayo."

"Na pumzi?"

Anselm aliona ni swali la kipuuzi, lakini akaitikia. Akainua mikono, akaishusha. Hakusikia kitu. Levina, aliyesimama mlangoni, alikuwa ameshaanza kuwaza basi la Ulyankulu.

"Sasa vuta pumzi kwa pua," Thuraya akasema. "Itoe polepole, kama hutaki mtu akusikie."

Hiyo Anselm aliijua. Mrina asali hupumua hivyo uso ukiwa mbele ya mzinga, maana nyuki hawapendi kupuliziwa pumzi ya mtu. Akaitoa bila kufundishwa. Akaitoa tena, na mara akawa juu ya mti: moshi machoni, magome viganjani, tawi likikatika. Jasho likamtoka. Akayakamata magurudumu hadi kiti kikalia.

Levina akaja mbio. "Unaumwa wapi?"

"Niliogopa," alisema Anselm. "Siku ile, nikianguka. Niliogopa sana, Mama Asnath. Mpaka leo naogopa."

Levina alimtazama. Tangu hospitali alikuwa akingoja neno kama hilo, na sasa lilikuwa limekuja. Akavuta kiti cha plastiki, akaketi kando ya mumewe, akamshika mkono.

"Mwalimu," akasema, "na mimi nianzie wapi?"