Yadi Sabini na Moja za Maddox

...na mafuta ya kuku yamemganda Boyd Lassiter kidevuni, yanang'aa, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu na wala hana habari, mkono mmoja kauinua juu kama mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kwenda chooni, mwingine umeshika mkate, anapiga kura huku anatafuna, na pembeni yake kocha mstaafu naye kauinua wake, macho nusu yamefumba, huyo angeinua mkono hata wangeuliza nani anataka kunyongwa, na hiyo ni mikono miwili ya mwaka 1946, kama vile dakika moja iliyopita ilivyokuwa mikono miwili ya mwaka 1972, wa Denise Crowder wa ofisi ya habari na wa yule mwalimu wa historia, na wa tano ni yeye, Wendell Tarpley, mtunza rekodi za mpira wa Kimarekani wa chuo kwa miaka thelathini na tisa, na mkono wake umelala mezani kando ya mkate wa siagi na kuku alioung'ata mara moja ukamkinai, na wote wanne wamegeuza shingo wanamtazama.

“Wendell, ndugu yangu, unaatamia mayai?” anasema Boyd. “Arobaini na sita au sabini na mbili. Watu tuna kazi zetu.”

Arobaini na sita au sabini na mbili, kana kwamba anauliza kahawa au chai, na huko nje ni saa nne tu ya asubuhi, jua la Mississippi la Desemba, msimu umeisha, kitabu cha rekodi kinasubiri kwenda kiwanda cha uchapaji, na kabla hakijaenda lazima kiseme zama za kisasa zilianza lini, kwa sababu huwezi kumlinganisha mchezaji wa leo na wale waliokuwa wakicheza na kofia za ngozi, hilo ni kweli, hata yeye Wendell ndiye aliyelisema kwanza, mpumbavu, alidhani watakaa kama watu wazima waulize mchezo wenyewe ulibadilika lini... na Boyd akasema ni 1946, vita vimekwisha, wanaume wamerudi, ndipo mpira wa kweli ulipozaliwa, akagonga meza, machozi karibu yamtoke, wala hakutaja kwamba baba yake, Royce Lassiter, alikimbia na mpira jumla ya yadi 1,204 mwaka 1948, rekodi ya chuo mpaka leo, na kwamba lango jipya la uwanja, analolijenga yeye Boyd, litaandikwa namba hiyo kwenye jiwe, hakutaja, nani atataja, kila mtu anajua, na kila mtu anajua pia kwamba mwaka huo wa baba yake ulikuwa ni Wazungu watupu wakikimbizana na Wazungu watupu, na vijana wenye mbio kuliko wote katika jimbo hili walikuwa nje ya uzio wanachungulia, huo ndio usasa wake, kichefuchefu...

“Mzee Tarpley, usikubali kuharakishwa na mtu,” anasema Denise, sauti ya asali, tabasamu la asali, na huyu naye ndiye afadhali? Yeye anasema 1972, mwaka wanafunzi wa mwaka wa kwanza waliporuhusiwa kucheza, hoja nzuri, safi, ungeinunua, kama Wendell asingekuwa ameingia ofisini kwake Jumanne kuomba gundi akaliona jalada limeshachapwa, yule kijana wao wa msimu huu, Tremaine, amekumbatia mpira, na maandishi ya dhahabu, MFALME WA ZAMA ZA KISASA, Tremaine aliyeumia kifundo cha mguu mechi ya mwisho akaishia 1,197, yadi saba nyuma ya Royce, saba tu, basi badala ya kumwambia pole mwanangu wanamtafutia mwaka wa kuanzia, wanamfuta Royce kama vumbi la chaki, na mwalimu wa historia ametoa hotuba ya dakika ishirini, mara mwaka 1937 takwimu za taifa, mara 1965 ruhusa ya kubadilisha wachezaji bila kikomo, akazunguka dunia nzima akarudi akakaa mapajani mwa Denise, na Wendell alikuwa akiwatazama wote na kujisemea moyoni watu gani hawa, jibu wanalo mfukoni halafu wanaitisha kikao kutafuta swali, na harufu ya mafuta, na kocha anakoroma kidogo, na yeye peke yake humu ndani mwenye mikono safi, peke yake aliyewahi kuziheshimu namba... namba hazina baba, namba hazina rangi, alikuwa akiwaambia hivyo wageni wanaokuja kuona makabati yake.

“Au umesahau unaitwa nani?” Boyd anacheka, na cheko hilo ni la baba yake hasa, linaanzia puani, na Wendell analisikia tena kule juu katika kibanda cha waandishi, Novemba 1970, mvua, yeye ana miaka ishirini na miwili na wiki ya tisa tu kazini, penseli mkononi, na kule chini uwanja umekuwa shimo la matope, na mtu anachomoka, anamkwepa mmoja, anamkwepa wa pili, anawaacha wote wamelala kifudifudi, yadi sabini na moja mpaka kwenye mstari wa mwisho, na watu wa upande ule mdogo wa jukwaa, wa Weusi, wanarukaruka chini ya mvua... Cleophus Gaines, namba ishirini na moja, mchezaji wa kwanza Mweusi kuvaa jezi ya chuo hiki, nani mwingine alikimbia namna ile, na mkono mzito ukamtua Wendell begani, harufu ya sigara kubwa, Royce Lassiter mwenyewe, akacheka kwa puani akasema kijana, tope limewafanya wote wafanane, eti? Nadhani yule ni Maddox. Hakusema andika. Hakutisha. Nadhani yule ni Maddox, basi, na penseli ikaandika Maddox, yule Mzungu wa timu hiyo hiyo, jezi ishirini na nne, yadi sabini na moja.

Na msimu ulipoisha Gaines alikuwa na 1,142.

“Ana nini huyu?” kocha ameamka. “Ni sukari?”

Na Jumatatu baada ya mechi ile ya mvua Gaines alikuja ofisini, alivua kofia, walikuwa rika moja lakini alisema Bwana Tarpley, samahani, nadhani kuna kosa dogo, na Wendell akamwita Cleophus tu, bila bwana wala ndugu, akamjibu jezi zilikuwa na tope, namba hazikuonekana, na Gaines akasema, “Tope. Haya, bwana,” akavaa kofia, akafunga mlango taratibu mno, na miaka thelathini akawapelekea watu barua katika mji huu huu, na sasa amekatwa mguu mmoja, binti yake humsukuma dukani kwenye kiti cha magurudumu, na Wendell akikiona kiti kile kwenye njia ya unga hugeuza toroli na kupita njia ya sabuni, mara ngapi, amenunua sabuni kiasi gani asizozihitaji... 1,142 na 71 ni 1,213, hesabu ya mtoto, yadi tisa mbele ya Royce, kumi na sita mbele ya Tremaine, anzisha zama popote kabla ya mwaka ule yeye ndiye wa kwanza, na ukianza na 1972 hayumo kabisa, na yeye Wendell alikuwa tayari kuchagua, ndiyo, alikuwa ameshachagua, alikuja asubuhi hii na 1972 mfukoni kama wenzake, si kwa ajili ya Denise, si kwa ajili ya Tremaine, ila kwa sababu 1972 inaufunika mwaka 1970, inafunga lile kabati na kutupa ufunguo, mikono safi, mungu wangu, mikono safi, na kinyaa alichonacho tangu asubuhi si cha kuku wala si cha Boyd, kidevu cha Boyd kimekosa nini, Boyd anampenda baba yake, Denise anampenda kijana wake, na yeye alikuwa akimpenda nani alipoandika?

“Wendell!” mkono wa Boyd bado uko juu. “Moja kati ya mawili, basi!”

“Maddox alikuwa benchi,” anasema Wendell.

“Maddox?” Denise anaangalia karatasi zake. “Maddox gani tena, mzee?”

“Aligongwa goti robo ya pili ya mechi ile ya 1970. Alikaa benchi mpaka mwisho na barafu gotini, blanketi mabegani. Nilimwandikia yadi sabini na moja akiwa amekaa.” Mkono wake uko pale pale mezani, haujainuka hata inchi. “Zilikuwa za Cleophus Gaines. Hakukuwa na tope la kunizuia, Boyd. Nilikuwa naona vizuri.”